Riwaya naisoma nikaielewa, swali la "jadili" likija nabaki na hadithi tu. Nifanyeje?

KidatoTatu_Kutwa

Shikamooni wakubwa. Wenzangu, mambo vipi.

Niko kidato cha tatu, shule ya kutwa. Kwenye Kiswahili tunatakiwa tuwe na riwaya mbili, tamthiliya mbili na diwani mbili kichwani kabla ya mtihani wa taifa. Kopi darasani ni moja kwa watu watano. Kila Ijumaa mwalimu anataka tafakuri ya nusu ukurasa kuhusu sura tuliyosoma, na kila wiki daftari langu linarudi na wino mwekundu uleule: "Umesimulia. Hujatafakari."

Hadithi naielewa vizuri, hata ukiniamsha usiku nitakusimulia. Lakini nikiulizwa dhamira, migogoro, ujumbe, msimamo, vyote naona kama kitu kimoja. Halafu nyumbani nafika saa 11 jioni, kuna maji ya kuchota na chakula cha kupika, na umeme ni wa kubahatisha. Wenzangu wanasema niachane na kitabu, nikariri madesa (zile notisi za uchambuzi wa kitabu za kupigia fotokopi). Nisaidieni: tafakuri inaandikwaje, kitabu kimoja tunakigawanaje, na hayo madesa yana faida au hayana?

Mwl_Chaki

Marahaba. Mwalimu wako amesema kweli, ila hilo neno "hujatafakari" peke yake halimfundishi mtu. Tufanye kwa mfano. Kifungu hiki nimekitunga sasa hivi, usikitafute kwenye kitabu chochote:

*Mzee alizihesabu zile noti mara mbili, akazikunja, akazitia ndani ya kofia. "Shule itakuwepo hata mwakani," alisema. Mama hakujibu. Aliendelea kupepeta, ila ungo ulikuwa mtupu.*

Msimuliaji ataandika: "Baba alihesabu pesa, akasema shule itakuwepo mwakani. Mama alikuwa anapepeta." Yote ni kweli, na yote mwalimu anayajua kwa sababu naye amesoma.

Anayetafakari anaanza na kitu kilichomkwaza. Hapa kinachokwaza ni ungo. Mtu anapepeta nini kwenye ungo mtupu? Ukishauliza hivyo umeshaingia ndani. Tafakuri yake inaweza kuwa hivi:

*"Nimeshangaa mama kuendelea kupepeta ungo usio na kitu. Mwandishi angeweza kumfanya alie au agombane, lakini amempa mikono inayofanya kazi na kinywa kilichofungwa. Naona anatuonyesha mtu asiye na nafasi ya kusema, ambaye hasira yake imebaki kwenye mikono. Tena ungo mtupu unaweza kuwa chakula kilichokosekana humo ndani, kwa hiyo hata baba huenda hafanyi ukatili, anachagua kati ya ada na tumbo. Hapo sina hakika bado; nitaangalia sura inayofuata kama zile noti zilinunua chakula."*

Hiyo ni nusu ukurasa kwa mwandiko wa kawaida. Ina mambo matatu: kilichokukwaza (kwa maneno ya kitabu), kwa nini mwandishi kakiweka hivyo na si vingine, na swali unalobaki nalo. Hilo la tatu wanafunzi wanaliogopa, wanadhani kusema "sina hakika" ni udhaifu. Mwalimu anayesoma madaftari 60 yanayofanana atakushukuru kwa hilo.

Sasa angalia kosa linalowapata wengi kwenye kifungu kama hiki: wataandika "ndoa za utotoni" au "kunyimwa elimu kwa mtoto wa kike". Wapi? Kifungu hakijataja ndoa, hakijasema mtoto ni wa kike. Wamelileta desa la kitabu kingine. Kabla hujaandika hoja yoyote, weka kidole kwenye sentensi inayoibeba. Kidole kikikosa pa kukaa, ifute.

Hayo maneno yanayokuchanganya, yapime kwa umbo la sentensi:

Dhamira huandikwa kama jambo: "Nafasi ya mwanamke katika maamuzi ya familia." Ni kile mwandishi anachokizungumzia.

Ujumbe ni sentensi kamili yenye funzo: "Uamuzi kuhusu elimu ya mtoto usiachwe kwa mtu mmoja." Kama sentensi yako haina "usi-", "ni lazima", "inafaa" au kauli nyingine ya kufundisha, pengine bado uko kwenye dhamira.

Mgogoro unahitaji pande mbili na kitu kinachogombewa. Hapa ni baba na mama, wanagombea matumizi ya zile noti, japo upande mmoja haujasema neno. Kisha kuna mgogoro wa nafsi ya mama: aseme au anyamaze. Ukiandika "mgogoro wa umaskini" hujataja pande. Umaskini hapo ni chanzo.

Msimamo, mtazamo na falsafa usivitafute kwenye sura moja. Vinasubiri mwisho wa kitabu, uone mwandishi amempa nani ushindi na amemwadhibu nani. Ukiviandika ukiwa sura ya pili unabahatisha.

KidatoTatu_Kutwa

Asante sana mwalimu. Nimefungua daftari, kweli kila wiki nilikuwa naandika "baba alisema, mama akafanya". Swali dogo: mfumo dume sasa ni dhamira au mgogoro? Kwenye notisi zetu upo kotekote.

Mwl_Chaki

Unaweza kukaa kotekote, inategemea unautumiaje. Mwandishi akiuonyesha ulivyo na madhara yake, ni dhamira. Watu wawili wakivutana kwa sababu yake, mmoja anataka uendelee na mwingine anaupinga, hapo una mgogoro, na lazima uwataje hao wawili kwa majina na tukio. Kuorodhesha "mfumo dume" mara mbili bila kubadilisha maelezo ndiko kunakopoteza alama.

MkutubiMdogo

Kuhusu kopi moja kwa watu watano. Njia inayotumiwa na wengi ni kuzungusha: Jumatatu kinalala kwako, Jumanne kwa mwenzako, na kuendelea. Inashindwa, na sababu iko wazi: wa tano anakipata Ijumaa, siku yenyewe ya kukusanya tafakuri, na akiumwa mmoja mzunguko mzima unasimama.

Someni pamoja kwa sauti, palepale shuleni vipindi vikiisha, kabla hamjatawanyika. Ukurasa wa riwaya hizi za sekondari unasomeka kwa sauti dakika mbili hadi tatu. Kwa dakika 40, sawa na kipindi kimoja, mnapata kurasa 13 hadi 20. Riwaya ya kurasa 120 inaisha kwa vikao sita hadi kumi, yaani wiki mbili bila kujiumiza.

Msikae wanne mnasikiliza tu, mtasinzia. Mmoja anasoma, wa pili anaandika wahusika na walichofanya, wa tatu anakamata methali, misemo na tamathali, wa nne migogoro, wa tano mandhari na muda: wapi, lini, miaka mingapi imepita. Badilishaneni kazi kila kikao. Mkingoja kubadilishana kitabu kizima kikiisha, aliyekamata methali atajua methali tu. Mwisho wa kikao, dakika tano, kila mtu anawasomea wenzake alichoandika.

Kitabu kiende nyumbani wikiendi tu, kwa zamu.

Na mambo madogo yanayoharibu: kwanza, hesabuni kurasa kabla ya kuanza. Vitabu vyembamba vya pini hutoa kwanza karatasi za katikati, pini zikishika kutu. Mkikuta pengo, azimeni kopi ya mkondo mwingine mnakili kwa mkono kurasa zinazokosekana, mbili au nne tu. Kuna kundi linaweza kusoma hadi mwisho likashangaa mhusika amekufa lini. Pili, matoleo hayalingani namba za kurasa, hivyo daftarini usiandike "uk. 47" peke yake. Andika "sura ya 4, baada ya msiba, uk. 47". Tatu, penseli, si kalamu ya wino. Kitabu kina wenye nacho baada yenu.

Kama mko mjini, nendeni maktaba ya mkoa. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ina maktaba katika mikoa mingi, na kusoma ndani humo hakuhitaji kubeba kitabu. Nenda na jina la kitabu na la mwandishi limeandikwa kwenye karatasi, usimwambie mkutubi "kile cha kidato cha tatu chenye jalada la bluu". Vitabu vya kiada vya sarufi na uandishi vipo bure kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, mwenye simu kwenye kundi anaweza kuwapakulia.

JikoNaDaftari

Binti au kijana, sijui, ila hilo la jioni naona wamelipita. (Kama ni binti, nyumba nyingi zimekugawia jiko bila kukuuliza, na hilo nalo ni dhamira, mwambie mwalimu wako.)

Kazi za jikoni hazifanani. Maharage yasiyolowekwa yanakaa jikoni saa moja na nusu hadi mbili, na unachofanya ni kuongeza maji na kuchochea mkaa. Hapo ni pa kusomea. Ugali hausomewi, wala chapati. Kwa hiyo siku ya maharage ipange iwe siku ya kazi nzito ya kitabu, na siku ya dagaa usijidanganye.

Taa ikiwa tatizo, gawa kazi kwa mwanga. Kusoma kurasa kufanyike mchana, shuleni. Usiku fanya kazi isiyohitaji kitabu, ambayo ndiyo inayokufaa zaidi kwa sababu kitabu huna: funga macho, jiulize leo nani alitaka nini, nani alimzuia, na mwisho wa sura nini kimebadilika. Andika mistari kumi bila kuangalia popote. Kesho kwenye kikao linganisha na kitabu. Ulichosahau ndicho cha kurudia, si sura nzima. Tochi ya simu inatosha kwa mistari kumi. Kibatari kiweke mbali na daftari na usiingie nacho kwenye chandarua hata kwa dakika moja.

Foleni ya bomba nayo ina matumizi. Kata karatasi ya daftari vipande vinne, kila kipande mhusika mmoja: jina, anataka nini, nani anamzuia, tukio moja linaloonyesha tabia yake, neno au usemi anaopenda kuutumia. Wahusika wanane wanaenea mfukoni. Ndoo zikiwa ishirini mbele yako umeshapitia kitabu kizima.

DesaSugu

Mimi nitawatetea kidogo madesa, maana naona yanapigwa mawe bila kesi. Desa si baya. Baya ni kulisoma kabla ya kitabu, kwa sababu ukishaambiwa "dhamira ni 12" hutaona ya 13, na hizo 12 zenyewe utaziamini hata zisipokuwepo.

Lisome baada ya kitabu kumalizika. Chukua penseli, pita kwenye kila hoja ya desa, jiulize: naweza kutaja tukio lake bila kuangalia? Ukiweza, tia vema. Usipoweza, rudi kitabuni utafute. Ukikosa kabisa, ikate. Desa la kurasa sita linabaki na mbili za kweli, na hizo ni zako.

Makosa yaliyozoeleka kwenye haya ya kupigia fotokopi: majina ya wahusika yamekosewa herufi, na kosa moja linanakiliwa na darasa zima. Tamathali zimepewa majina sivyo, tashibiha inaitwa sitiari ilhali neno "kama" liko palepale. Hoja za vitabu viwili zimechanganywa kwa sababu mchapaji alinakili ukurasa wa juu. Na ile tabia ya kumaliza kila hoja kwa "hali hii ipo hata katika jamii yetu ya leo", bila kusema ipo wapi na inaonekanaje. Ukiandika hiyo, ongeza sentensi moja yenye kitu cha kushika: mtoto anayeuza karanga stendi saa za vipindi, kwa mfano.

Mwl_Chaki

Nakubaliana na DesaSugu, na kwa kuwa tumefika kwenye mtihani, tuseme namba.

Karatasi ya Kiswahili kidato cha nne ni saa tatu, alama 100. Sehemu C ndiyo ya insha za fasihi na nyinginezo: unajibu maswali mawili, kila moja alama 15, jumla 30. Dakika 180 kwa alama 100 ni kama dakika 1.8 kwa alama. Swali la alama 15 lina haki ya dakika 27. Mawili, dakika 54. Anayemaliza dakika 50 kwenye swali moja kwa sababu hadithi imemnogea amejinyima la pili.

Swali lenyewe mara nyingi linataka vitabu viwili na hoja tatu kwa kila kitabu. Kwa hiyo aya sita za kiini, mbali na utangulizi na hitimisho. Ukitoa hoja sita za kitabu kimoja umejibu nusu. Swali likisema riwaya, ukaleta tamthiliya uliyoipenda zaidi, hata iwe nzuri vipi umetoka nje. Orodha ya vitabu imechapwa kwenye karatasi ya mtihani. Nakili jina la kitabu na la mwandishi kutoka hapo, herufi kwa herufi.

Aya moja ijengwe hivi, kwa ule mfano wetu wa ungo:

*"Mwandishi anaonyesha kuwa mwanamke hana sauti katika maamuzi ya fedha. Baba anazihesabu noti na kuamua peke yake kuahirisha shule, wakati mama yupo palepale na hakuulizwa. Mama ananyamaza na kuendelea kupepeta ungo mtupu. Kitendo hicho kinadhihirisha kuwa anaumia lakini hana pa kusemea, na matokeo yake mtoto anapoteza mwaka wa masomo."*

Hesabu: hoja, tukio, ushahidi wa pili, kurudi kwenye swali. Sentensi nne, mistari sita hadi saba. Hakuna "hapo zamani baba yake alizaliwa". Namba ya ukurasa si lazima kwenye mtihani. Ile ya daftarini ni ya kukurudisha kitabuni.

Jambo moja ambalo wanafunzi wengi hawalitumii na ni bure: Baraza la Mitihani huweka kwenye tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo. Ya Kiswahili imeandikwa kwa Kiswahili. Inachukua swali moja moja, inaeleza waliokosa walikosa nini, na inaweka vielelezo vya majibu mazuri na dhaifu vya watahiniwa, kwa mwandiko wao wenyewe. Pakueni ya mwaka mmoja tu. Funikeni maelezo, someni jibu, mtoe alama ninyi wenyewe, kisha mfunue mlinganishe. Kikao kimoja cha hivyo kitawafaa kuliko kukariri desa zima.

KidatoTatu_Kutwa

Wakubwa nashukuru sana. Ni binti, na leo ni maharage. Na diwani je? Mashairi nayo tunasoma kwa sauti vilevile kwa kupokezana? Tukifika kwenye mizani kila mtu anatoa jibu lake.

Mwl_Chaki

Diwani usiisome mfululizo kama riwaya, utatoka na ukungu. Chagueni mashairi sita hadi manane kwa kila diwani yenye dhamira tofauti, myajue kwelikweli. Shairi moja lisomwe mara tatu kwa kikao: ya kwanza kwa sauti bila kusimama, ya pili ubeti kwa ubeti mkiuliza nani anasema na anamwambia nani, ya tatu fani.

Mizani ni silabi zinazotamkika, si herufi wala maneno. Shairi la kimapokeo la tarbia lina mishororo minne kila ubeti, na mara nyingi mshororo una mizani 16, nane kwa nane. Chukua mshororo huu nilioutunga:

*Mtoto kitabu shika, usiku hata mchana*

M-to-to-ki-ta-bu-shi-ka, nane. U-si-ku-ha-ta-m-cha-na, nane. Kina cha kati ni "ka", cha mwisho "na".

Mnapotofautiana ni kwenye "m" na "n". Kwenye "mtoto" na "mchana" ile "m" inatamkwa peke yake, ni mizani moja. Kadhalika "n" ya "nchi". Kwenye "mwana" au "mbuzi" haijitegemei, imeungana na inayofuata: mwa-na, mbu-zi, mbili tu. Pigeni makofi mnapotamka, kofi moja kwa silabi, mtaona mnakubaliana.

Na lisipokuwa na vina wala mizani inayolingana, msilazimishe. Ni shairi huru, semeni hivyo, kisha mweleze limegawanywaje.

KidatoTatu_Kutwa

Nijaribu wangu: *Mwenzangu shika kalamu, andika kungali nuru.* Nimepata 17, tisa na nane. Nimekosea wapi?

Mwl_Chaki

Umehesabu m-we-nza-ngu, nne. Ni mwe-nza-ngu, tatu. Piga kofi tena: nane kwa nane, 16, kina cha kati "mu" na cha mwisho "ru". Mshororo umekaa sawa. Ongeza mitatu chini yake kwa vina hivyohivyo, ulete hapa kesho maharage yakiiva.